Bega la bibi wa Ukerewe: pleti iliyopitishwa kwenye vidonda viwili vidogo

Picha ya eksirei aliyokuja nayo mgonjwa ilikuwa moja tu. Ilipigwa kutoka mbele, mkono ukiwa bado umefungwa vijiti. Ilitosha kuonyesha kwamba mfupa wa juu wa mkono wa kulia, humerasi, umevunjika chini kidogo ya kichwa chake na kwamba shina lote limehamia kwapani. Mengine yanayoamua matibabu hayakuwemo.

Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya kufundishia, kutokana na mambo yanayojirudia kwa wazee wa Kanda ya Ziwa wanaovunjika bega. Bibi mwenyewe si mtu mmoja anayeweza kutambulika, na hospitali haitajwi. Ana miaka 71, anaishi kijiji cha ufukweni kisiwani Ukerewe, anaanika dagaa na kulima muhogo kidogo, na mkono wake wa kazi ni wa kulia. Aliteleza kwenye mwamba uliolowa asubuhi akiwa na beseni la dagaa wabichi kichwani, akaangukia bega. Zahanati ilimpa panadoli na kumning'inizia mkono kwa khanga, na hapo zahanati haikukosea kitu. Siku ya tatu familia ikamwita fundi wa kuunga mifupa. Akausugua mkono kwa mafuta, kisha akaukaza kwa vijiti na vitambaa kuanzia kwapani hadi kiwikoni. Siku ya tano vidole vilikuwa vimejaa na malengelenge yametoka upande wa nje wa mkono. Siku ya sita akapanda feri Nansio kuja Mwanza.

Kilichopimwa kabla ya picha nyingine

Vijiti vilifunguliwa kwanza. Ngozi ilikuwa nyeusi kutoka begani hadi kiwikoni na upande wa ubavu, na ndugu waliamini mkono unaoza. Hauozi. Ni damu ya mfupa uliovunjika inayoshuka chini, na kwa mzee mwenye ngozi nyembamba huonekana hivyo karibu kila mara. Cha kuogopesha kilikuwa malengelenge, kwa sababu yalikaa mahali ambapo kidonda cha chini cha operesheni kingepita.

Kisha neva ya kwapa. Neva hii hutoka nyuma ya bega, huuzunguka mfupa chini ya deltoidi, msuli mkubwa unaofunika bega, na kuja mbele, kwa kawaida sentimita 5 hadi 7 chini ya ukingo wa mfupa wa juu ya bega, yaani akromioni. Kwa mama mwembamba mfupi inaweza kuwa juu zaidi ya hapo. Wengi huipima kwa kugusa ngozi ya upande wa nje wa bega na kuishia hapo, na hilo halitoshi: ngozi inaweza kuhisi vizuri huku msuli umepooza, au kinyume chake. Weka vidole juu ya deltoidi, mbele, katikati na nyuma, halafu mwambie mgonjwa asukume kiwiko nje kidogo bila kuinua mkono. Kwa bibi huyu sehemu ya nyuma na ya kati zilikaza, ya mbele ilikuwa dhaifu, na hisia ya ngozi ilipungua. Yote yaliandikwa kwenye faili pamoja na saa. Neva ikionekana dhaifu kesho yake baada ya operesheni na hakuna rekodi ya jana yake, hakuna atakayejua kama ilijeruhiwa na mwamba au na kisu. Neva hii huumia mara nyingi katika mivunjiko ya namna hii, na mara nyingi hurudi yenyewe ndani ya miezi.

Mapigo ya kifundo cha mkono yalikuwepo, kiganja cha moto, na aliweza kunyanyua kiganja juu, maana yake neva ya rediali inafanya kazi. Hapa kuna mtego. Shina lililohamia kwapani linaweza kubana au kuchana ateri ya kwapa, na bado mapigo ya kifundo yakasikika kwa sababu damu hupata njia za pembeni. Kwa hiyo mikono yote miwili hulinganishwa, na kwapa huangaliwa tena baada ya saa chache kama uvimbe unakua. Haukukua.

Presha ilikuwa 158/90, anatumia amlodipini. Hemoglobini 10.9. Sukari ya kawaida. Swali jingine lisilopaswa kusahaulika katika mikoa hii ni dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa sababu tenofovir, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza uzito wa mfupa. Bibi hakuwa akizitumia.

Picha tatu na vipimo vitatu

Picha ya mbele ilirudiwa mwili ukiwa umegeuzwa nyuzi 30 hadi 40, ili bapa la bega lilale sambamba na filamu. Ikafuata ya pembeni, inayoonyesha bapa kama herufi Y, na ya tatu ya kutoka juu kupitia kwapa. Hiyo ya tatu ndiyo inayorukwa, kwa sababu mgonjwa ana maumivu na mpiga picha anamhurumia. Lakini kichwa cha mfupa kilichochomoka kwenda nyuma kinaweza kufichika kabisa kwenye picha ya mbele peke yake. Mgonjwa asiyeweza kufungua mkono anaegemea nyuma mkono ukiwa kwenye kombeo, kitambaa cha kuuning'iniza, na mionzi inashuka kutoka juu, basi.

Mvunjiko ulikuwa wa shingo ya upasuaji, pale mfupa unapokuwa mwembamba chini ya vinundu. Mgawanyo wa mwaka 1970 wa Neer, daktari wa upasuaji wa mifupa, huhesabu vipande vinne: kichwa, kinundu kikubwa, kinundu kidogo na shina. Kipande hakihesabiwi mpaka kiwe kimehama zaidi ya sentimita 1 au kimepinda zaidi ya nyuzi 45. Kinundu kikubwa cha bibi kilikuwa na ufa uliofunguka milimita 2 tu, hivyo kwa hesabu hiyo mvunjiko ni wa vipande viwili. CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mfupa vipande kwa vipande, ilipigwa kwa sababu ya ufa huo, kuhakikisha haujaingia kwenye kichwa. Haukuwa umeingia.

Kipimo cha kwanza kilichukuliwa upande wa ndani wa shingo, pale panapobeba uzito. Kipande cha ukuta wa ndani kilichobaki kwenye kichwa kilikuwa na urefu wa milimita 11. Daktari mwingine wa upasuaji wa mifupa, Hertel, alionyesha mwaka 2004 kwamba kikiwa chini ya milimita 8, na bawaba ya ndani, yaani pale ukuta wa ndani wa kichwa unapokutana na wa shina, ikiwa imeachana zaidi ya milimita 2, kichwa huwa katika hatari ya kukosa damu, hasa mvunjiko ukipita kwenye shingo ya kianatomia, ukingoni kabisa mwa kichwa. Hapa kipande kilikuwa kirefu na mvunjiko upo chini, hivyo damu ya kichwa haikuwa wasiwasi mkubwa. Cha pili kilikuwa ukuta wenyewe wa ndani, kama umesagika. Haukusagika, ulikuwa na ukingo mmoja mzima wa kukalia. Cha tatu kilikuwa ugumu wa mfupa. Juu kidogo ya mahali deltoidi inaposhika, pale kuta za nje zinapokuwa sambamba, upana wa nje hugawanywa kwa upana wa ndani wa uwazi wa mfupa. Jibu chini ya 1.4 humaanisha mfupa mwepesi. Kwake lilikuwa 1.45. Ni pembeni ya mstari, na hilo lilipaswa kukumbukwa zaidi kuliko lilivyokumbukwa.

Kwa nini hakuachwa kwenye kombeo

Swali hili lazima liulizwe kwa uaminifu, kwa sababu mabega mengi ya wazee waliovunjika hupona vizuri kwa kombeo na mazoezi. Utafiti wa PROFHER wa Uingereza, uliochapishwa 2015 ukiwa na wagonjwa 250, haukuona tofauti ya maana kati ya waliopasuliwa na wasiopasuliwa baada ya miaka miwili. Anayepeleka kila bega lililovunjika kwenye chumba cha upasuaji ana kazi ya kujieleza. Ila utafiti ule haukuwachukua wale ambao daktari aliona wazi kwamba wanahitaji kupasuliwa, na shina lililoachana kabisa na kichwa liko karibu na kundi hilo. Kwa bibi vipande havikugusana hata kidogo. Msuli mkubwa wa kifua ulilivuta shina ndani na mbele, deltoidi ikalivuta juu, na kati ya vipande kulikuwa na nyama. Mfupa wa namna hiyo unaweza kukaa miezi bila kuunga. Naye alikuwa anaishi mwenyewe, anapika mwenyewe, na mkono ni wa kulia.

Njia za kidonda kidogo zilizopimwa zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa pini za chuma za milimita 2.5 zenye nyuzi za skrubu ncha yake, zinazoingizwa kupitia ngozi: mbili au tatu kutoka upande wa nje wa shina kwenda juu kwenye kichwa, moja au mbili kutoka kinundu kikubwa kushuka. Gharama yake ni ndogo na damu haimwagiki. Lakini mfupa mwepesi hauzishiki kwa nguvu, pini hurudi nyuma au, vibaya zaidi, husafiri ndani ya mwili, na imewahi kuandikwa pini iliyofika kifuani. Kwa hiyo pini hudai eksirei kila wiki kwa wiki tatu au nne za kwanza, na kutolewa wiki ya nne hadi ya sita. Kila wiki ingekuwa feri kwenda na kurudi, au bibi kukaa mjini kwa binti yake Igoma mwezi na nusu. Binti ana chumba kimoja. Suala hilo lilizungumzwa waziwazi, na uamuzi uliegemea hapo kuliko kwenye fizikia ya chuma.

Ya pili ilikuwa msumari wa ndani ya mfupa. Huingia kwa kutoboa msuli wa juu wa bega, ule ambao kwa umri wa miaka 71 mara nyingi umeshachakaa. Ya tatu ilikuwa pleti, bamba la chuma lenye skrubu zinazojifunga kwenye bamba lenyewe, ikitelezeshwa chini ya deltoidi kupitia vidonda viwili. Bega bandia la kinyume, ambalo mpira wake hukaa upande wa bapa na kikombe upande wa mkono, ni jibu zuri kwa mzee ambaye kichwa cha mfupa kimepasuka au kimevunjika vipande vinne. Kichwa kizima chenye damu yake hakikuwa cha kutupwa.

Pleti ikachaguliwa, familia ikaelezwa bei kabla ya kitu kingine chochote. Mazungumzo na mgonjwa mwenyewe yalikuwa mafupi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mkono utarudi kushika beseni?"

"Kufunga khanga, kuchana nywele, kusonga ugali, tunategemea hivyo bibi. Beseni la dagaa kichwani, hatukuahidi."

Akasema ugali unamtosha.

Siku nne za kusubiri ngozi

Malengelenge yaliahirisha operesheni hadi siku ya kumi. Kusubiri huku kuna bei yake. Kuanzia siku ya kumi hadi ya kumi na nne vipande huanza kushikana kwa kovu laini, na mfupa usiorudi kwa kuvuta tu hulazimisha kidonda kikubwa, yaani faida ya njia nzima inapotea. Anayesubiri wiki tatu kisha akaahidi kidonda kidogo anajidanganya. Ngozi ilikauka siku ya tisa.

Alipewa nusu kaputi pamoja na ganzi ya shingoni, mililita 10 tu za bupivakaini ya asilimia 0.25 kwa kuangalia na ultrasaundi. Uzito wake ni kilo 52, hivyo miligramu 25 ziko mbali na kikomo. Sababu ya ujazo mdogo ni mapafu: dozi kubwa ya ganzi hii hupoozesha nusu ya kiwambo cha pumzi karibu kwa kila mtu, na mzee ana akiba ndogo. Antibiotiki, sefazolini gramu 2, iliingia dakika 30 kabla ya kisu.

Alilazwa chali, kiwiliwili kimeinuliwa nyuzi 30, bega likining'inia nje kidogo ya meza, mkono juu ya ubao unaopitisha mionzi. Kadiri mgonjwa anavyokaa wima, ndivyo presha inayosomwa mkononi inavyozidi ile ya ubongoni: kila sentimita 13 za kimo huondoa takribani 10. Presha ya 100 mkononi inaweza kuwa 80 kichwani, na kwa mzee aliyezoea 158 hilo si jambo dogo. Mashine ya eksirei ya mkono wa C iliwekwa upande wa kichwani. Picha mbili za majaribio, ya mbele na ya pembeni, zilipigwa kabla ya mtu yeyote kunawa. Hatua hii huchukua dakika tano na kuokoa nusu saa. Mashine isiyoona bega kabla ya shuka za kijani haitaliona baadaye.

Kisu

Kona ya mbele ya akromioni ilichorwa kwa kalamu, na mstari mwingine ukachorwa sentimita 5 chini yake. Huo ndio mpaka. Kidonda cha juu kilikuwa cha sentimita 4, kuanzia kona hiyo kushuka. Deltoidi ikafunguliwa kwenye mshono mweupe kati ya sehemu ya mbele na ya kati, bila kukata nyuzi. Uzi mmoja ulishonwa mwisho wa chini wa ufa wa msuli, ili kivuta-nyama kisiupasue ufa ukashuka hadi kwenye neva wakati msaidizi anavuta kwa bidii. Neva nyingi za kwapa huumizwa na mkono wa msaidizi aliyechoka, kisu kikiwa kimeshawekwa mezani.

Kidole cha shahada kikapita chini ya msuli, kikaifuata nyama laini hadi kuihisi neva kama uzi mnene unaopita kutoka nyuma kuja mbele. Toka hapo kidole hicho hakikusahau kilipoihisi.

Nyuzi tatu nene zisizoyeyuka, namba 2, zilipitishwa kwenye kano za misuli inayozungusha bega: ya juu, ya nyuma na ya mbele, karibu na mahali zinaposhika mfupa. Mfupa wa mzee humomonyoka chini ya kishikio cha chuma lakini kano hubeba uzi, ndiyo maana nyuzi hizi hutumika kama hatamu za kukigeuza kichwa. Kisha kiwiko kikakunjwa, mkono ukasogezwa karibu na mwili na mbele kidogo ili msuli wa kifua ulegee, ukavutwa kwa urefu wake, na kiganja cha mtu wa pili kikasukuma shina nyuma na nje. Lilirudi mara ya pili. Mara ya kwanza mkono ulikuwa umefunguliwa mbali na mwili, na hapo msuli wa kifua hukaza kama kamba ya jahazi, hakuna anayeushinda kwa nguvu.

Shina likagongwa taratibu kuelekea kichwani hadi likaingia milimita 3 au 4, ukuta wa ndani ukakaa juu ya ukuta wa ndani. Mkono kufupika kiasi hicho hakumdhuru mtu, na nguzo ya ndani yenye mguso ndiyo kinga kubwa dhidi ya kichwa kuinama. Waya mbili za milimita 2 zikashikilia kwa muda, zimeingizwa mbele ili zisikae njiani kwa pleti. Pembe kati ya kichwa na shina ilisomeka nyuzi 134. Ya kawaida ni karibu 135.

Pleti ya matundu matano ya shina, takribani sentimita 11, ilitelezeshwa kushuka ncha yake ikikwaruza mfupa muda wote, huku kidole kikiinua neva juu yake. Pleti ikiachia mfupa hata milimita chache, neva inaweza kubanwa chini yake, na kosa hilo halionekani kwenye eksirei. Kidonda cha chini, sentimita 3, kilifunguliwa juu ya matundu ya mwisho na hakikupelekwa nyuma, kwa sababu neva ya rediali huja kutoka huko. Matundu ya katikati, pale neva ya kwapa inapovuka, yaliachwa wazi. Hakuna sababu ya kuyajaza.

Ukingo wa juu wa pleti ulikaa milimita 6 chini ya kilele cha kinundu kikubwa, milimita 3 nyuma ya mfereji wa kano ya baisepsi. Ikikaa juu zaidi itagonga akromioni kila mkono unapoinuka. Ikikaa chini sana, skrubu za kushikilia sehemu ya chini ya ndani ya kichwa hazitafika zinapotakiwa, na hizo ndizo za thamani zaidi kwa mfupa mwepesi. Mbili ziliwekwa hapo kupitia mrija mwembamba, kidole kikiwa kati ya mrija na neva. Nne zikaingia juu, tatu kwenye shina. Nyuzi za kano zikafungwa kwenye vitundu vya pleti. Dakika 85, damu karibu mililita 100, mrija wa kutolea damu haukuhitajika.

Skrubu mbili za juu

Kosa lilitokea hapa, na halikuwa kwenye njia yenyewe. Skrubu za kichwa zilitobolewa kwa drili ukuta wa nje peke yake, kama inavyotakiwa, halafu kipimo butu kikasukumwa hadi kigonge mfupa mgumu chini ya gegedu. Hilo huzuia drili kuchungulia ndani ya kiungo. Lakini urefu ulisomwa mkono ukiwa katika mkao mmoja, na picha za mwisho zilikuwa mbili tu. Kichwa ni nusu ya mpira, hivyo skrubu inayoelekea juu na nyuma huonekana fupi kwa macho ya mbele huku ncha yake ikiwa karibu na uso. Mbili kati ya nne za juu ziliachwa milimita 3 tu kutoka kwenye mfupa wa chini ya gegedu. Kwa mfupa wa 1.45 zilipaswa kuachwa 5 hadi 8, na mkono uzungushwe polepole ndani na nje chini ya mionzi hadi kila ncha ionekane kwa pembe yake ndefu zaidi.

Watu huipenda skrubu ndefu kwa sababu inashika zaidi. Kwa kijana ni kweli. Kwa bibi kichwa kitashuka kidogo, karibu daima, na skrubu iliyojifunga kwenye pleti haishuki nacho.

Nyumbani, na mazoezi ya mwiko

Kesho yake vidole, kifundo na kiwiko vilianza kazi. Siku ya tatu aliinama na kuuacha mkono ubembee kama kamba ya ndoo, dakika tano mara nne kwa siku. Deltoidi ya mbele ilikuwa dhaifu vilevile kama faili ilivyosema, wala haikuzidi. Nyuzi za ngozi zilitolewa siku ya 14, akarudi kisiwani na karatasi yenye michoro.

Kuanzia wiki ya pili mkono wa kushoto uliunyanyua wa kulia hadi usawa wa bega. Kamba ilitupwa juu ya boriti ya nyumba, kila mkono ukashika upande mmoja, wa kushoto ukivuta. Mwiko wa ugali ukishikwa kwa mikono miwili hutosha kusukuma mkono nje. Katazo lilikuwa moja, nalo lilivunjwa wiki ya nne: asijiinue kitandani kwa kuegemea mkono ule. Kunyanyua kwa nguvu yake mwenyewe kungeanza wiki ya sita, uzito baada ya wiki ya 12.

Picha ya wiki ya sita ilipigwa Nansio na kutumwa kwa simu. Maelezo yalikuwa yameandikwa nyuma ya karatasi ya miadi: mwili ugeuzwe, na picha ya pili ipigwe kupitia kwapa. Pembe ilikuwa imeshuka hadi 128, na ncha moja ya juu ilionekana kugusa mstari wa kichwa. Chini ya 120 mtu angeanza kuogopa kwa kichwa kuinama. Kwa 128 mfupa uliendelea kuunga. Wiki ya tisa bibi alisema kuna mkwaruzo begani anapoinua mkono, "kama mchanga kwenye unga". Alivuka. CT ilionyesha skrubu moja imetoka milimita 2 ndani ya kiungo, jirani yake imefika ukingoni, na daraja la mfupa mpya limeshaziba pande tatu kati ya nne.

Mfupa ukiwa umeshika hakuna cha kusubiri, kwa sababu ncha ya chuma husaga kikombe cha bega siku hadi siku. Mfupa ungekuwa bado laini, ingebidi kuchagua kati ya kiungo na uimara, na skrubu ingetolewa vilevile huku mazoezi yakisimamishwa. Zote mbili zilitolewa kupitia nusu ya kovu la juu, sentimita 2.5, kwa ganzi ya shingoni bila nusu kaputi. Kichwa cha skrubu kilisafishwa nyama yote kabla bisibisi haijaingizwa. Bisibisi isiyokaa hadi chini huivuruga nyota ya skrubu, na skrubu ya titaniamu iliyokazwa kupita kiasi huganda kwenye pleti kana kwamba imechomelewa. Ndiyo sababu siku ya kwanza hukazwa kwa mpini unaojiachia kwenye nyutoni-mita 1.5, si kwa nguvu ya kiganja. Zilitoka bila ubishi.

Miezi sita aliinua mkono hadi nyuzi 130, kiganja kikafika kisogoni, khanga anafunga mwenyewe. Deltoidi ya mbele ilikuwa imerudi karibu yote. Picha nyingine zimepangwa mwaka wa kwanza na wa pili, kwa sababu kichwa kinachokufa kwa kukosa damu huweza kuchelewa kiasi hicho kujionyesha.

Mtu wa miaka 71 aliyevunjika bega kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe ana mfupa mwepesi, hata bila kipimo cha uzito wa mfupa. Alipewa alendroneti, dawa ya kuimarisha mfupa, miligramu 70 mara moja kwa wiki, kwa maji matupu kabla ya chai, kisha akae wima nusu saa ili kidonge kisichome koo. Kalisiamu haikuwa tatizo kwa mtu anayekula dagaa na miiba yake. Vitamini D iliongezwa. Halafu mtu mmoja akauliza mbona aliteleza kwenye mwamba anaoupita tangu utoto, akashika tochi na kumwangalia macho. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, jeupe kabisa, na lilikuwa hivyo siku alipobeba beseni.